Sina haja ya kitu: namna kujitosheleza kunavyomla Mkristo

Kati ya wafalme wote wa Yuda, Uzia ndiye ambaye mkulima wa Nyanda za Juu Kusini angeelewana naye mapema. Alipenda kulima. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 26, kinalisema hilo waziwazi: alichimba visima vingi, alikuwa na mifugo mingi nchi tambarare, na alikuwa na wakulima na watunza mizabibu milimani. Leo angekuwa Njombe angelima parachichi, angekuwa Mufindi angepanda miti, na kule Usangu angekuwa na mpunga na trekta lake mwenyewe. Alianza kutawala akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52, akajenga minara, akapanga jeshi, akatengenezewa mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa. Biblia haimlaumu kwa lolote katika hayo. Inasema alimtafuta Mungu, na siku zile alizomtafuta, Mungu alimfanikisha.

Kisha unakuja mstari wa 16: alipokuwa na nguvu, moyo wake ukatukuka. Uchungu wa mstari huo hauonekani mpaka usome ule uliotangulia, unaosema alisaidiwa kwa namna ya ajabu mpaka akawa na nguvu. Msaada ndio uliozaa nguvu, na nguvu zikamsahaulisha msaada.

Wengi tunapita haraka jambo linalofuata. Kiburi cha Uzia hakikumpeleka kwenye pombe, wala kwa wanawake, wala kwenye sanamu. Kilimpeleka hekaluni. Alishika chetezo akaingia kufukiza uvumba, kazi iliyokuwa ya makuhani wana wa Haruni peke yao. Kuhani Azaria na wenzake 80 wakamfuata ndani wakamwambia atoke. Akakasirika, na chetezo kikiwa bado mkononi ukoma ukamtoka kwenye paji la uso. Tangu siku ile aliishi katika nyumba ya peke yake hadi alipokufa, mwanawe Yothamu akiwaamua watu badala yake.

Nimeanza na Uzia kwa makusudi. Mahubiri mengi juu ya kiburi yanamchora mtu wa aina moja tu: mwenye dharau, anayepita Mwanjelwa na gari lake bila kumsalimia mtu, anayejibu wazee ovyo. Mtu huyo yupo, ila madhara yake ni madogo, kwa sababu kila mmoja anamjua, na hata yeye siku akitulia anajijua. Kiburi kinachowamaliza watu wa kanisani ni kingine. Kinaingia na mavuno mazuri, huduma iliyokubalika, watoto waliosoma, miaka 20 ya uzee wa kanisa bila doa. Hakimfanyi mtu amkane Mungu. Kinamfanya asimhitaji, huku akiendelea kumwimbia.

Kujitegemea ni jambo jingine

Hapa pana fundo la kufungua taratibu, maana Mtanzania amelelewa kuheshimu kujitegemea. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, na mwaka huohuo shule zetu zikaletewa elimu ya kujitegemea: jembe, bustani, banda la kuku. Makanisa nayo yana historia yao. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walipofika Unyakyusa mwaka 1891, kazi yao ilibebwa na fedha za Wakristo wa Ulaya, na hali hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Usharika unaolipa watumishi wake na kuezeka kanisa lake kwa sadaka za watu wake umefika mahali pazuri. Mchungaji anayesimama madhabahuni akasema “tujitegemee” hajakosea.

Biblia yenyewe iko upande huo. Paulo alishona mahema kule Korintho akihubiri, na akawaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, na kula asile. Wahenga nao walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wahenga haohao walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hawakuona kwamba wanajipinga. Methali ya kwanza inamsema mvivu anayekula jasho la mwenzake; ya pili inamsema anayedhani jasho lake peke yake linatosha. Mtu anaweza kuepuka la kwanza akaangukia la pili, na hiyo ndiyo njia ya wengi wetu. Tulikimbia utegemezi tukiwa vijana, tukakimbia kwa nguvu kiasi kwamba tumempita na Mungu njiani.

Musa aliliona hilo mapema. Katika Kumbukumbu la Torati 8 anawaambia Waisraeli, wakiwa mlangoni mwa Kanaani, kwamba wajihadhari zaidi na siku watakazokula wakashiba, wakajenga nyumba nzuri, ng’ombe na kondoo wao wakaongezeka. Hapo ndipo mtu atasema moyoni, “Nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu.” Mstari unaofuata haukanushi kwamba nguvu hizo zilikuwapo. Unasema tu ni nani aliyezitoa. Ulilima, ndiyo, na hakuna anayekunyima sifa ya kulima. Mkono uliolimia uliupata wapi?

Mkulima wa huku hahitaji kuelezwa sana. Ameweka mbolea ya DAP wakati wa kupanda, amekuzia na urea, amepalilia mara mbili, na yote hayo ni kazi yake kweli. Mvua ya Novemba si yake. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, havikuuliza shamba lipi ni la bwana shamba na lipi ni la mtu asiyejua kusoma. Mwenye miti Mafinga anapanda, anapogolea, anasafisha njia za moto, anasubiri miaka kumi na kuendelea, halafu alasiri moja ya Septemba moto wa mtu aliyekuwa anaandaa shamba lake unavuka barabara. Tunayajua haya yote. Ajabu ni kwamba kuyajua hakutoshi. Magunia yakishashonwa na kupangwa ghalani, mtu yuleyule anasimulia msimu mzima na Mungu haonekani popote isipokuwa kwenye ile “tunamshukuru Mungu” ya mwisho.

Tajiri wa Luka 12 alikuwa hivyo. Hakuiba, hakudhulumu kibarua, angalau Yesu hasemi hivyo. Shamba lake lilizaa sana, akaona ghala hazitoshi, akapanga kuzivunja ajenge kubwa zaidi. Mtaalamu yeyote wa kilimo pale Uyole angemwambia amefanya vema, maana upotevu baada ya mavuno ni tatizo kweli. Sikiliza tu anaongea na nani. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anaiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe, ifurahi. Hakuna mke katika mazungumzo hayo, hakuna jirani wala mfanyakazi. Sauti nyingine ya kwanza kusikika ni ya Mungu, nayo inasikika usiku ule alipotakiwa roho yake.

Dalili zake hazina kelele

Maombi ndiyo hubadilika kwanza. Hayakomi, maana yakikoma mtu angeshtuka. Yanageuka kutoka kuomba na kuwa kutoa taarifa. Aliyewahi kulia mbele za Mungu kwa ajili ya ada ya mtoto sasa anapanga kila kitu, anapiga hesabu, anasaini mkataba, ndipo anapiga magoti dakika mbili ili Mungu abariki kilichokwisha amuliwa. Yakobo anawasema watu wa namna hiyo katika sura ya 4: leo au kesho tutaingia mji fulani, tutakaa humo mwaka mzima, tutafanya biashara na kupata faida. Mpango wenyewe hauna kasoro. Mfanyabiashara wa Tunduma angeusifu. Kilichokosekana ni “Bwana akipenda”, na hapo Yakobo hataki tupachike maneno mwishoni mwa sentensi, kwa sababu hayo tunayasema sana, “Mungu akipenda” imeshakuwa kwetu kama nukta. Anataka mtu ambaye Bwana asipopenda, kweli safari haiendi.

Maisha yasiyo na maombi ya kweli yanaweza kwenda muda mrefu bila kujulikana. Dereva anayeshuka Mlima Nyoka akiwa ameondoa gia, gari lake linakwenda, tena linampita mwenzake aliyeshika gia ndogo, na abiria wa viti vya nyuma hawajui tofauti. Kipaji na mazoea vinaweza kumsukuma mwimbaji au mhubiri miaka mingi baada ya moyo wake kunyamaza. Anajua wimbo gani utawaliza watu. Anajua akipandisha sauti wapi watasema amina. Ibada inafana, anarudi nyumbani mkavu, na kwa kuwa ibada ilifana hadhani kuna tatizo.

Toba nayo inakauka. Farisayo wa Luka 18 tumemfanya mnafiki, lakini hadithi haisemi kwamba alidanganya. Alifunga kweli mara mbili kwa juma, alitoa zaka kweli katika mapato yake yote. Tena alianza vizuri kuliko wengi wetu: “Ee Mungu, nakushukuru.” Chambua sala yake neno kwa neno uone kama utapata ombi. Hakuna hata moja. Amekwenda hekaluni, amesimama mbele za Mungu, na hana anachokitaka kwake zaidi ya kusikilizwa. Mtoza ushuru ana ombi moja tu, arehemiwe, akateremka nyumbani amehesabiwa haki.

Nazisikia sala za yule Farisayo katika shuhuda zetu. “Nilikuja Mbeya na begi moja, leo nina nyumba tatu, Bwana asifiwe!” Watu wanapiga makofi. Jina la Bwana limo, tena limetajwa kwa sauti, lakini ukisikiliza vizuri mwenye hadithi ni mwenye nyumba. Mama anayeuza mboga pale nyuma, ambaye ameomba kwa imani ileile miaka 15 na bado anapanga chumba kimoja, anatoka akiwaza kwamba labda imani yake ina hitilafu. Shuhuda hizo zinahitaji kupunguzwa, hayo ni maoni yangu, na wachungaji wanaoona haya kuwakata watu katikati wajifunze.

Mahali ambapo jambo hili linaonekana kwa macho kabisa ni kwenye mnada baada ya ibada. Anayetoka Iringa au Njombe hahitaji kuchorewa. Wale wasio na fedha taslimu wameleta walichonacho: debe la viazi, mayai kwenye kikapu, boga, jogoo amefungwa miguu. Mzee wa kanisa anasimama nje, jogoo juu, “Elfu kumi na tano, nani anaongeza?” Anatokea mfanyabiashara wa mbao, anasema laki moja. Vigelegele. Anamlipia, kisha anasema, “Mrudisheni, anadiwe tena.” Vigelegele zaidi. Anamnunua mara ya pili, anamzawadia mama mchungaji. Hapo hapajatokea dhambi yoyote ninayoweza kuionyesha kwa kidole. Kanisa linahitaji bati, na bati zinanunuliwa kwa fedha. Mwenye jogoo, ambaye labda ni bibi aliyetoa kuku wake wa pekee, amefurahi kuona kuku wake amefika laki mbili.

Tatizo huja miezi mitatu baadaye, kwenye kikao cha wazee, pale kijana mmoja anapouliza kwa heshima kwa nini mshahara wa mlinzi wa kanisa umechelewa, na yule mfanyabiashara, ambaye sasa ni mwenyekiti wa fedha, anajibu: “Wewe unajua bati hizi zimenunuliwa na nani?” Sadaka imegeuka hisa. Alichompa Mungu Jumapili ile amekichukua tena, na sasa anakitumia kama chetezo cha Uzia, kuingia mahali ambapo hakualikwa.

Dalili ya mwisho nitakayoitaja ni ile ninayoiona imejificha kuliko zote, nayo ni kushindwa kupokea. Yuko Mkristo anayetoa kwa kila mtu na hapokei kwa yeyote. Kwenye misiba ya wenzake yeye ndiye wa kwanza kuchanga. Akifiwa yeye, anaiambia jumuiya isihangaike, kila kitu kimeshapangwa, turubai limekuja, chakula kimeagizwa. Wanajumuiya waliojinyima wakaleta unga na maharage wanakaa pembeni kama wageni waalikwa. Kule Unyakyusa, ambako kushinda msibani na kushika jembe ni sehemu ya kuwa mtu, jambo hilo linauma zaidi. Tunamwita mtu huyu mkarimu, na ni mkarimu. Lakini Petro naye alifanana na mnyenyekevu aliposema, “Wewe hutanitawadha miguu kamwe.” Ilisikika kama heshima kwa Bwana. Jibu la Yesu lilikuwa kali kuliko Petro alivyotarajia: nisipokutawadha, huna shirika nami. Asiyekubali kuoshwa na Bwana hana fungu kwake, hata kama yuko tayari kuosha miguu ya mji mzima. Ambaye hajazoea kupokea unga wa jirani atapata shida pia kupokea neema, maana zote mbili zinatua juu ya mikono iliyo wazi.

Kanisa zima likiumwa

Hadi hapa nimesema habari za mtu mmoja mmoja. Kanisa la Laodikia, mji wa Asia Ndogo, linaonyesha kwamba ugonjwa huu huingia hata kwa kanisa zima, na historia ya mji ule inasaidia kuelewa barua ya Ufunuo 3. Mwaka 60 baada ya Kristo tetemeko liliuharibu. Miji mingine ya Asia ilipopatwa na majanga ya namna hiyo ilipokea msaada wa Rumi. Laodikia ilijijenga upya kwa fedha zake yenyewe, na mwanahistoria Mrumi Tacitus aliona jambo hilo linafaa kuandikwa. Ulikuwa mji wa biashara ya fedha, wa sufu nyeusi yenye sifa, na wa tiba ya macho. Kwa hiyo kanisa la pale liliposema, “Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu,” lilikuwa limeambukizwa lugha ya mtaani kwake. Bwana anajibu akigusa kimoja kimoja: nunueni kwangu dhahabu, nunueni mavazi meupe, nunueni dawa ya macho. Hata uvuguvugu ambao Bwana anaulaumu katika barua hiyo una mahali pake. Hierapoli jirani ilikuwa na chemchemi za moto, Kolosai ilikuwa na maji baridi, na Laodikia ililetewa maji yake kwa mabomba kutoka mbali.

Ule mstari wa 20, “nasimama mlangoni, nabisha”, tumezoea kuusikia kwenye mikutano ya injili, ukisomwa kwa watu ambao hawajaokoka. Si vibaya. Ila ulipoandikwa, mlango uliokuwa umefungwa ulikuwa wa kanisa, na waliokuwa ndani walikuwa na ratiba kamili ya ibada.

Huku kwetu ugonjwa huo una sura mbili zinazotazamana. Makanisa ya zamani yanajivunia mwaka wa 1891, majengo ya mawe, shule na hospitali, na yakisikia vipaza sauti vya makanisa mapya pale Mbeya mjini yanasema hao ni kelele tu. Makanisa mapya yanajivunia upako, yanasema wale wa zamani ni dini tu, hawana Roho. Kila upande una lake la kweli. Na kila upande umefanana na mwenzake zaidi ya unavyokubali, kwa kuwa wote wawili wanaomba ile sala ya “mimi si kama watu wengine”.

Jambo hili lilipiganiwa kwa hoja zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagio, mtawa kutoka Britania, alifundisha kwamba mtu aweza kwa hiari yake mwenyewe kutimiza amri za Mungu. Hakuwa mtu mbaya. Alichukizwa na Wakristo wazembe wa Rumi waliojificha nyuma ya udhaifu wao. Aliyempinga kwa nguvu ni Augustino, askofu wa Hipo, Mwafrika wa kaskazini, aliyeshikilia kwamba hata ile nia ya kutaka mema ni zawadi. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago wa mwaka 418, katika ardhi hiyohiyo ya Afrika, ukayakataa mafundisho ya Pelagio. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye Martin Luther alirudi pale pale, na katika karatasi ya mwisho aliyoandika kabla ya kufa, Februari 1546, mna maneno haya: sisi ni waombaji, hilo ni kweli. Ni ajabu kidogo kuwasikia Walutheri, warithi wa maneno hayo, wakijivunia Ulutheri wao. Paulo aliwauliza Wakorintho swali ambalo hawakuweza kulijibu: “Nawe una nini usichokipokea?”

Fimbo ya kuwanyamazishia watu

Sitaki makala hii itumike vibaya, kwa hiyo nitasema wazi. Wako watumishi ambao kila anayeuliza swali wanamwita mwenye kiburi. Mama anauliza fedha za ujenzi zimefikia wapi, anaambiwa ana roho ya uasi. Kijana anasema unabii wa mwaka jana haukutimia, anaambiwa ashuke, amekuwa na majivuno. Huko ni kumgeuzia mwenzako ugonjwa wako. Azaria na wale makuhani 80 walimpinga mfalme uso kwa uso, na wenye kiburi hawakuwa wao. Paulo alimpinga Petro mbele ya watu kule Antiokia, akaliandika jambo hilo katika Wagalatia 2 bila kuomba radhi. Uzia anajulikana kwa hasira yake alipoambiwa. Kiongozi asiyeambilika, ambaye hakuna hata mtu mmoja duniani anayeweza kumwambia “hapana, baba” akasikia, ameshaingia katika ile nyumba ya peke yake, hata kama imejaa wasaidizi.

Na maskini jeuri yupo. Umaskini haumpi mtu unyenyekevu moja kwa moja, kama utajiri usivyompa kiburi moja kwa moja. Kuna anayekataa kazi halali kwa kuona haimfai, na anayekataa ushauri wa mke wake kwa sababu tu umetoka kwa mke.

Kosa jingine linalofanana na imani ni la Naamani, jemadari wa Shamu, katika 2 Wafalme 5. Alikuwa tayari kutoa fedha nyingi apone ukoma. Alitarajia nabii atoke nje, asimame, aliitie jina la Mungu wake, apitishe mkono mahali pale. Akaambiwa kwa mdomo wa mjumbe tu akajichovye Yordani mara saba. Akaondoka kwa hasira. Alichokataa ni njia ndogo. Watumwa wake ndio waliomrudisha kwa swali la busara: baba yangu, kama nabii angekuambia ufanye jambo kubwa, usingelifanya?

Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na kila anayehudumu huku amekutana na mtu aliyeacha dawa baada ya kuombewa. Anaambiwa hiyo ndiyo imani, kumtegemea Mungu peke yake. Naona ni kinyume chake. Kidonge kimoja kila siku saa ileile, kadi ya kliniki, foleni pamoja na watu wengine: hiyo ndiyo Yordani, njia ndogo isiyo na vigelegele. Kumwacha mgonjwa aikatae ili jina la huduma likue ni kiburi, na mara nyingi si cha mgonjwa. Mungu anayeponya kwa muujiza ndiye aliyewapa akili waliotengeneza dawa. Ombeeni wagonjwa, tena sana, na waendelee kumeza.

Mtu afanye nini

Nimewasikia watu wakiomba Mungu “awashushe”. Sala hiyo inatisha, na sina hakika wanaoiomba wanaielewa. Aguri katika Mithali 30 aliomba kwa akili zaidi: “Usinipe umaskini wala utajiri; unilishe chakula kilicho kadiri yangu.” Sababu yake ni ya mtu aliyejichunguza bila kujipendelea, kwamba akishiba sana anaweza kusema, “Bwana ni nani?”, na akiwa maskini sana anaweza kuiba. Hakujiamini upande wowote. Mfanyabiashara anayeweza kuiomba sala ya Aguri kabla ya msimu wa kununua mpunga, na akaimaanisha, atakuwa amefanya zaidi ya aliyefunga siku 40.

Mengine ni madogo madogo. Toa sadaka moja kubwa ambayo hata mhasibu wa usharika hajui imetoka kwako. Mtafute mtu mmoja, awe mchungaji au rafiki wa siku nyingi, umwambie dhambi yako kwa jina lake, maana “tunakosea kwa mawazo, maneno na matendo” inaweza kusemwa na watu mia mbili kwa pamoja bila hata mmoja kukiri kitu. Kabla hujaamua jambo kubwa, omba wakati ambapo jibu la “hapana” bado linawezekana. Ukisimulia mafanikio yako, wataje kwa majina waliokubeba: shangazi aliyeuza ng’ombe, mwalimu aliyekulipia mtihani, kibarua aliyelala shambani kulinda.

Na ukiugua, mwambie mwenyekiti wa jumuiya siku ya pili, usisubiri mpaka utoke hospitali. Waache waje wakukute na shuka la wodini na ndevu hazijanyolewa. Katika hao watakaokuja, huenda yumo fundi uliyemkopesha laki tatu mwaka juzi na mpaka leo hajalipa, amesimama nyuma karibu na mlango, ana aibu. Ukiulizwa nani aombe, mchague yeye.